Kompyuta ndogo ya michezo: mambo ya kujua kwa mama anayeshika mfuko



Likizo kubwa inapokaribia, ombi moja hurudi katika nyumba nyingi za Bukavu: «Mama, tununue ordinatere ya kucheza.» Anayeomba ni kijana wa sekondari, mara nyingine ni binti, na amekwisha kuona picha yake kwenye telefone: sanduku dogo lenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani. Mama akisikia bei, anashika kichwa. Papa anasema hapana, au anasema ndiyo bila kujua vizuri anakubali kitu gani. Na pesa zitatoka wapi? Zitatoka kwenye likelemba, kwenye mgao wa AVEC, au kwenye faida ya soko iliyokusanywa franga kwa franga.

Makala hii haisemi kwamba kila nyumba inunue kompyuta ya michezo. Inataka mama akae mbele ya muuzaji, na mbele ya mtoto wake, akijua kila dola inalipia nini. Fundisho lenyewe ni moja: kinachookoa pesa ni mpangilio wa kuchagua. Anza na mchezo, fuata karti ya picha, kisha sanduku na umeme, na urembo uje mwisho kabisa. Anayeanza na urembo hulipa mara mbili.

Je, nyumba iko tayari?

Kabla ya kuzungumza juu ya vipande, tujibu maswali matatu.

La kwanza ni umeme. Kompyuta ya mezani haina batri. Delestaji ikija, inazima papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Kama nyumbani kwako umeme unaonekana saa chache tu kwa juma, kompyuta ya kubebwa iliyotumika, yenye batri nzuri, itamfaa mtoto zaidi kwa masomo, hata kama haichezi michezo mikubwa.

La pili ni minervali. Kama ada ya shule ya muhula haijalipwa, kompyuta ingojee. Hapo hakuna majadiliano.

La tatu ni hesabu ya pesa ambazo tayari zinatoka. Watoto wengi hucheza kwenye sali za michezo za mtaa, na wanalipa kila mara. Fanya zoezi hili pamoja na mtoto: aandike katika daftari, kwa mwezi mmoja, kila franga aliyoiacha pale. Zidisha kwa miezi kumi na miwili. Jumla ikiwa ndogo, hamna haja ya mashine. Ikiwa kubwa, mtaona kwamba pesa za mashine zimekuwa zikitoka polepole bila ninyi kuona, na mtoto amekuwa mbali na macho yenu saa hizo zote.

Kwa nini ndogo? Kwa sababu nyumba zetu ni ndogo. Sanduku linalokaa juu ya meza ya sebule, karibu na televisheni, hutumia umeme kidogo, na linabebeka hadi kabati lenye kufuli wakati wa mitihani. Lakini mjue hivi: katika kompyuta, udogo wenyewe una bei. Kitu kidogo sana mara nyingi ni ghali kuliko kitu cha kadiri. Tutarudi hapo.

Mtoto anataka kucheza nini?

Hili ndilo swali la kwanza la manunuzi, na watu wengi hulisahau. Mwambie mtoto aandike michezo mitatu, si kumi.

Minecraft, mchezo wa kujenga, hauhitaji mashine kubwa. Michezo ya mpira ya miaka iliyopita nayo inatosheka na mashine ya kadiri. Lakini michezo mipya yenye picha nzito inataka karti ya picha yenye nguvu, na mmoja peke yake unaweza kuzidi gigabaiti 100. Nani atalipa intaneti ya kuushusha? Swali hilo liulizwe sasa, si baada ya kununua.

Angalieni pia namba ya umri. Michezo mingi inayotoka Ulaya ina alama ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Michezo ya mpira ya EA Sports ina 3, Minecraft ina 7, lakini GTA V ina 18 kwa ajili ya mauaji na mambo mengine yasiyofaa watoto. Mtoto wa miaka 13 akiandika GTA V juu ya karatasi yake, mama ana haki ya kuifuta, na bei ya mashine itashuka papo hapo.

Vipande na kazi zao

Tuchukue mfano wa jikoni, kwa sababu tunaujua.

Prosesa ni mpishi. Ndiyo inayofikiri na kuamuru. Ina viini, kama mikono: kwa michezo ya leo, viini vinne ni kidogo, sita ni vizuri.

RAM ni meza ya kukatia mboga. Meza ikiwa ndogo, mpishi anasimama-simama. Gigabaiti 8 inabana, 16 inatosha. Na vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huchota kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Diski ni ghala la chakula. Diski ya zamani inazunguka kama sahani na inachelewa. SSD haina kitu kinachozunguka, na mashine inawaka upesi. Usikubali mashine ya leo bila SSD.

Karti ya picha, ambayo vijana huita karti grafiki, ndiyo inayochora kila kitu mnachoona kwenye ekra, mara makumi kwa sekunde. Kwa michezo, hii ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Karti-mama ni ubao mkubwa unaowaunganisha wote. Jina lake linastahili: haionekani, haisifiwi, lakini ikifa, nyumba nzima inasimama.

Alimantasio ni sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine. Ndiyo mbabula yenyewe. Hakuna mtoto anayeiota usiku, na wauzaji wengi wanaipuuza. Sisi hatutaipuuza.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi iliyotumika

Kwa familia yenye pesa kidogo, njia hii ndiyo ninayoishauri. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, na zile za zamani husafirishwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Majina mtakayokutana nayo ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa kwa kazi ya kila siku, na nyingi bado zina afya.

Lakini zinakuja kwa ukubwa wa aina nyingi. Ile ndogo kabisa, inayolingana na kitabu kinene, haina nafasi ya kupachika karti ya picha ya kawaida. Hiyo ni ya masomo na ofisi. Kwa michezo mizito, iache. Inayotufaa ni ile ya kadiri, nyembamba, inayolala au kusimama, ambayo ndani ina nafasi ya karti fupi. Karti fupi ni nusu ya kimo cha karti ya kawaida. Ile ya kawaida haiingii hata ukilia.

Jinsi ya kusoma prosesa za Intel: kama imeandikwa i5-8500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ni kizazi chake. Ikiwa i5-10500, kizazi ni 10. Tafuta kizazi cha 8 au zaidi. Kwa nini? Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Tena, i5-8500 ina viini sita, lakini i5-6500 na i5-7500 zina vinne tu. Mashine mbili zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, na moja ikawa imeachwa nyuma.

Sasa karti. Nafasi ya kupachikia karti kwenye karti-mama inatoa umeme wa wati 75 hivi, si zaidi. Kwa hiyo tunatafuta karti fupi ambayo haihitaji waya mwingine wa umeme. Zifuatazo zipo kwa umbo fupi:

GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, yenye gigabaiti 4. Imezeeka lakini inacheza mpira na michezo ya zamani.

GTX 1650, iliyotoka Aprili 2019 kwa bei ya dola 149 huko Marekani, nayo ina gigabaiti 4. Ina nguvu kuliko hiyo ya kwanza.

RX 6400, ya mwaka 2022. Inatumia wati 53 tu, lakini iliundwa kwa karti-mama mpya. Ukiipachika kwenye mashine ya ofisi ya kizazi cha 8, inapoteza sehemu ya nguvu yake.

RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya mwaka 2024, yenye wati 70. Kati ya hizi nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo ghali. Angalia sana: kuna RTX 3050 nyingine ya gigabaiti 8. Hiyo inataka waya wake wa umeme, na mashine yetu haitaiweza.

Njia ya pili: kuunda mpya, kidogo kidogo

Familia ambayo haina pesa zote mara moja inaweza kufuata njia ya ngazi. Unanunua prosesa ambayo ina picha ndani yake, na mtoto anaanza kucheza michezo myepesi. Karti inakuja mwaka unaofuata, pamoja na mgao mwingine.

Prosesa inayojulikana kwa kazi hiyo ni AMD Ryzen 5 5600G. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 259, na bei yake ilishuka sana baadaye. Ina viini sita. Herufi G ya mwisho ndiyo inayosema kwamba ina picha ndani. Ryzen 5 5600 bila G haina. Ukiinunua bila karti, ekra itabaki nyeusi. Kwa Intel, herufi F ina maana ya kinyume: i3-12100 ina picha, i3-12100F haina. Herufi moja, wamama! Muuzaji akipunguza dola chache, soma herufi ya mwisho kabla ya kumshukuru.

Kwa mashine ya namna hii, vipande viwili vya RAM si anasa. Picha za ndani hazina memori yao wenyewe. Zinaazima kwenye RAM, na kipande kimoja kinazibana. Ujue pia kwamba bei ya RAM ilipanda sana tangu mwisho wa mwaka 2025, kwa sababu makampuni yanayojenga mashine za akili bandia yanainunua kwa wingi. Hii ni sababu nyingine ya kuipenda njia ya kwanza: mashine ya ofisi mara nyingi inakuja na RAM yake ndani.

Na ile bei ya udogo? Iko hapa. Karti-mama ndogo inayoitwa Mini-ITX ina sentimita 17 kwa 17. Inapendeza, lakini kwa kawaida ni ghali, ina nafasi mbili tu za RAM na nafasi moja ya karti. Dada yake Micro-ATX ina sentimita 24.4 kwa 24.4, ni rahisi zaidi, na mara nyingi ina nafasi nne za RAM. Tofauti ni kama upana wa kiganja cha mkono. Kwa kiganja hicho kimoja, msilipe zaidi. Chukueni Micro-ATX na sanduku fupi linaloipokea.

Beba metre ya kushonea

Mshonaji hakati kitambaa kabla ya kupima. Katika kompyuta ndogo ni vilevile, na metre ileile inatosha.

Pima kwanza mahali itakapokaa nyumbani, na uache angalau sentimita kumi nyuma na pembeni kwa ajili ya hewa. Sanduku dogo lina joto nyingi katika nafasi ndogo. Ukilifungia ndani ya kabati huku linafanya kazi, litajipunguzia nguvu lenyewe ili lisiungue, na mchezo utaanza kukwama.

Pima pili ndani ya sanduku: kutoka bamba la nyuma hadi kizuizi cha kwanza mbele. Huo ndio urefu ambao karti haiwezi kuupita. Angalia na unene. Karti nyingi fupi zinakula nafasi mbili, na katika mashine nyingine za ofisi alimantasio iko karibu kabisa na nafasi ya karti. Hapo inaingia karti nyembamba tu.

Angalia tatu lile bamba dogo la chuma mwishoni mwa karti. Karti fupi inaweza kuuzwa na bamba refu. Bila bamba fupi, karti inaingia lakini haifungiki vizuri. Mwambie muuzaji akupe bamba fupi kabla hujalipa, kwa sababu kulitafuta baadaye ni shida.

Alimantasio: hapo usibane pesa

Tufanye hesabu ya wati kwa mashine ya njia ya kwanza. Prosesa i5-8500: wati 65. Karti RTX 3050 ya gigabaiti 6: wati 70. Karti-mama, SSD, RAM na vantilatere: tuhesabu 40. Jumla: 175. Alimantasio za mashine hizi nyembamba mara nyingi huwa kati ya wati 180 na 260. Ya 180 itakuwa inakimbia bila kupumua. Ya 240 au zaidi itafanya kazi kwa amani. Namba imeandikwa ubavuni mwake: isomeni. Tena, alimantasio za mashine za ofisi mara nyingi zina umbo na viungio vyao wenyewe, hivyo si rahisi kuzibadilisha. Chagueni mashine yenye wati za kutosha tangu mwanzo.

Kwa njia ya pili, alimantasio ya wati 400 au 450 inatosha. Lakini wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele zinaweza kudanganya. Tazameni jedwali dogo ubavuni, mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na karti. Zidisheni 12 kwa ampere zilizoandikwa. Mfano: sanduku linasema wati 500, lakini mstari wa volti 12 unasema ampere 18. Mara 12 ni wati 216. Hizo ndizo mnazonunua kweli. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuwafanyia hesabu hiyo hapo dukani. Na alama ya 80 Plus? Inaonyesha kwamba umeme haupotei sana kuwa joto. Ni alama nzuri, lakini haithibitishi kwamba kuna ulinzi wote wa ndani.

Alimantasio mbaya ikifa, inaweza kuvuta karti na karti-mama pamoja nayo. Ndiyo maana dola ishirini ulizookoa hapo zinaweza kukugharimu mia mbili. Na kwa sababu volti za mjini mwetu zinapanda na kushuka, stabilizatere nzuri ni sehemu ya mashine, si nyongeza. Kama mfuko unaruhusu, ondulere ni bora zaidi, kwa sababu inakupa dakika chache za kuzima taratibu umeme unapokatika.

Je, itakula kash pawa kiasi gani? Tuongeze ekra ya wati 25 juu ya zile 175: wati 200. Saa mbili kwa siku ni wati-saa 400, yaani kilowati-saa 0.4. Kwa siku thelathini ni kilowati-saa 12. Pasi ya umeme yenye wati 1,000 ingemaliza hizo kwa saa kumi na mbili za kupiga nguo. Sasa mama anaweza kuzidisha kwa bei anayolipa.

Dukani: maswali na majaribio

Usiende peke yako. Nenda na mtoto, na ikiwezekana na mtu wa chama anayejua. Kisha ufanye haya.

Omba mashine iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la «Gestionnaire des tâches» linafunguka. Kwenye «Performances» utasoma jina la prosesa, RAM, diski na karti. Linganisha na ulichoambiwa.

Kwa karti iliyotumika, leta kwenye fimbo ya USB programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Kuna karti za zamani ambazo watu wabaya wamezibadilisha jina ndani ili zionekane kama GTX 1050 Ti. Windows inaweza kudanganyika, lakini GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika kwamba ni bandia.

Usinunue karti kwa kuhesabu gigabaiti tu. GT 730 yenye gigabaiti 4 ipo sokoni, lakini ni dhaifu mbali na GTX 1650 yenye gigabaiti 4 vilevile. Gigabaiti ni ukubwa wa bakuli. Hazisemi nguvu za anayekoroga. GT 1030 nayo ina aina mbili: moja ina memori ya GDDR5, nyingine DDR4, na hiyo ya pili ni ya polepole sana.

Omba mchezo uchezwe nusu saa. Sikiliza vantilatere, tazama kama ekra inatoa mistari au kuzima. Muuzaji mwaminifu hakatai. Anayesema «hapa hatujaribishi», mwage kwa heshima.

Mwisho, omba risiti yenye namba ya mashine na muda wa kurudisha, hata kama ni siku saba. Maneno ya mdomo hayarudishi pesa.

Kugawa dola 350

Huu ni mfano wa kugawa pesa katika bahasha. Si bei za soko. Ni mipaka ya kujiwekea.

Mashine ya ofisi yenye SSD na RAM: isizidi 120.
Karti fupi: isizidi 120.
Ekra iliyotumika: isizidi 40.
Stabilizatere: isizidi 30.
Klavie na suri: isizidi 15.
Akiba ya usafiri na jambo lisilotazamiwa: 25.

Jumla: 350. Kama televisheni ya nyumbani ina tundu la HDMI, bahasha ya ekra inaweza kuhamia kwenye karti au kuwa mwanzo wa ondulere. Kama karti inazidi bahasha yake, msikope kwenye sanduku la AVEC. Nunueni mashine kwanza, karti ifuate. Mashine bila karti bado inaandika, inahesabu na kucheza michezo myepesi.

Mnaona kwamba hakuna bahasha ya taa za rangi, wala ya kiti cha wachezaji, wala ya kupoza kwa maji. Taa haziongezi hata picha moja kwa sekunde.

Mashine ikishafika nyumbani

Ikae sebuleni, si chumbani. Saa zake ziandikwe na kubandikwa ukutani, na wasichana wapate zamu zao sawa na wavulana. Binti anayeachwa akifungua sanduku na kupachika RAM kwa mkono wake leo, kesho hataogopa mashine kazini.

Mashine inayochora michezo inaweza pia kusoma. Kiwix, programu ya bure, inaweka Wikipedia ndani ya diski, na mtoto anaisoma bila intaneti. Scratch, iliyotoka chuo cha MIT huko Marekani, inawafundisha watoto kutengeneza michezo yao wenyewe, nayo inafanya kazi bila intaneti. Mkataba mzuri ni huu: mchezo baada ya kazi ya shule, na mwaka wa mtihani wa taifa, karti inatolewa na kuwekwa kwenye kabati la mama. Ni visi moja au mbili tu, na mashine inaendelea kuandika.

Kila miezi mitatu, izimwe, ichomolewe, ipelekwe barazani, na vumbi lipanguswe kwa burashi laini. Vumbi ndilo linaloua masanduku madogo kabla ya siku zao.

Tukumbuke na jambo hili. Ndani ya mashine hizo kuna tantali inayotoka kwenye koltani kama ile ya Rubaya, bati linalotoka kwenye kasiteriti, na shaba kama ile ya Katanga. Udongo wetu umo ndani yake, pamoja na jasho la wachimbaji wetu. Mashine ya ofisi iliyofanya kazi ng'ambo miaka sita na kisha kumtumikia mtoto wa Kadutu miaka mingine sita haijapoteza kitu. Iliyonunuliwa vibaya na kutupwa baada ya miezi mitatu ndiyo hasara.

Kwa mkutano unaokuja, ninapendekeza zoezi hili kwa kila kikundi. Wale wenye ombi la namna hii nyumbani walete karatasi tatu: michezo mitatu ya mtoto, vipimo vya mahali pa kuiweka, na bahasha zao zilizogawanywa. Tutazisoma pamoja. Wamama wanne wakienda dukani siku moja na karatasi zao mkononi, bei inazungumzwa kwa namna nyingine.